Mlio wa Gari la Fakihi

Kilwa Masoko kuna watu wenye hasira za kawaida, halafu kuna fundi Ridhiwani. Hasira zake zilikuwa moto wa kifuu: zinaruka juu, zinaunguza nyusi za aliye karibu, chai ikiletwa zimekwisha. Majirani wa gereji walikwisha kumzoea. Spana ikisikika imegonga bati wanasema, "Ridhiwani kaamka," na kila mtu anaendelea na kazi yake.

Lakini hasira ya gari la Fakihi haikuwa ya kifuu. Hiyo ilikuwa gogo la mkwaju. Ilishika polepole na ikakaa miaka.

Fakihi alikuwa kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Ujana wake aliumaliza Dar es Salaam akimwendesha mzee mmoja wa Kihindi aliyewahi kushindana mbio za magari. Mzee yule alipohamia ng'ambo kwa watoto wake, alimwachia dereva wake gari moja la mbio, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba ukikutana na ng'ombe barabarani unamtazama magotini. Fakihi akarudi nalo Kilwa kama mtu aliyerudi na mke. Alilifuta vumbi asubuhi kabla hajanawa uso mwenyewe.

Ila lilikuwa na ila moja. Mbele ya injini palikuwa na mkanda mwembamba, wa zamani, uliozungusha vitu viwili kwa pamoja: feni ya kupoza rejeta, na alteneta ya kuchaji betri. Puli zake, yale magurudumu madogo yanayoushika, zilikuwa zimelika, na mkanda ukawa unateleza. Fakihi akiwasha gari, mkanda unapiga ukelele wa kufika sokoni: wiiiii! Akiwasha taa, wiiiii! Akikanyaga mafuta, tena. Wauza samaki walikuwa wakisema bila hata kugeuza shingo, "Fakihi huyo." Mkewe Saida akiusikia ukelele kutoka upande wa bandarini, anaanza kupakua. Na Naima, binti yao wa pekee, alipokuwa mdogo alikimbilia mlangoni kabla gari halijakata kona.

Ridhiwani akiusikia, shingo inamwasha kwa aibu.

"Kaka, mimi fundi," alimwambia mara nyingi. "Watu wanasemaje? Gari la ndugu yake fundi linalia kama mbuzi anayechinjwa! Na mlimani linachemsha, kwa sababu feni haizunguki inavyotakiwa. Niachie nikufungie mkanda mpya na puli mpya. Bure!"

"Liache."

"Kwa nini?"

"Linanipigia hodi," Fakihi alijibu, akacheka, akaingia garini akaondoka na ukelele wake.

Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Walinuniana kwa ajili ya mkanda. Kuna Idi moja walipeana mkono kwa ncha za vidole, watu wazima wale, mbele ya msikiti.

Kisha Fakihi akaugua figo. Alikonda mpaka saa ikawa inamzunguka mkononi. Siku moja alimwita mdogo wake pembeni ya kitanda, akamwambia, "Sasa litengeneze hilo gari. Naima akiolewa, nataka atoke nyumbani kwangu na gari langu. Lakini lisimchemkie njiani, Ridhi. Sitaki mwanangu asimame barabarani na nguo zake za harusi anatazamwa na wapita njia. Unaniahidi?"

Ridhiwani aliahidi. Na papo hapo hasira zikampanda, maana miaka yote hiyo mtu anakukatalia akiwa mzima, halafu anakuja kukukubalia akiwa hawezi hata kukaa. Alitoka nje akaupiga teke ukuta wa choo. Wiki ile ile wakamzika Fakihi.

Baada ya arobaini alilivuta gari mpaka gerejini na kuanza kazi, na kazi ile aliifanya kwa ghadhabu kama anayepigana. Aliung'oa mkanda wa zamani. Aling'oa puli zote zilizolika. Alikwenda Lindi kwa Leonadi, mchonga vyuma, akamchongesha puli mpya pana zenye mifereji, ili zishike mkanda wa kisasa, ule bapa wenye mifereji kwa ndani. Puli ya kwanza ilipotoka imepinda kidogo, upana wa uzi tu, alimtukana Leonadi mpaka wateja wakatoka nje. Leonadi akachonga nyingine, maana alikuwepo mazikoni na alijua huzuni ndiyo inayotukana.

Feni ya zamani, yenye mapanga machache ya chuma, aliitupa. Akafunga feni ya pikapu, yenye mapanga mengi na inayovuta upepo kama ina kiu. Akafunga alteneta kubwa. Akaongeza puli ndogo ya kukazia, yenye nati yake moja, ili mkanda usilegee tena. Alinyoosha puli zote kwa uzi wa mwashi, akilala chini ya gari na kurudia, na kila mara uzi ulipogusa mahali pasipotakiwa alimsema Fakihi kwa jina. "Umeona sasa? Umeona ulivyokuwa mkaidi?"

Siku alipoliwasha, alitega sikio. Hakuna kitu. Injini inanguruma chini chini, feni inavuta, taa zinawaka kama za meli, na mkanda kimya. Aliliendesha mpaka nyumbani kwa marehemu, akapandisha mafuta mlangoni ili wamsikie asivyosikika. Hakutoka mtu. Ilibidi apige hodi kwa mdomo.

Saida alifungua mlango, akalitazama gari, akatazama viti, akarudi ndani. Naima akasimama kizingitini.

"Umefika saa ngapi, baba mdogo? Hatukusikia."

"Ndiyo kazi yenyewe!" Ridhiwani alifoka. "Hamkusikia! Ndiyo ufundi!"

Aliondoka amefura. Nyumba nzima haina shukrani, aliwaza, hata asante ya maji hakuna.

Harusi ya Naima na Hussen wa Lindi ikafika. Ndoa ilifungwa asubuhi, na baada ya adhuhuri bibi harusi akawa anapelekwa kwa mumewe. Wanawake walilivamia gari tangu mapema. Walifunga utepe kwenye boneti, na ndani wakapachika maua ya plastiki juu ya dashibodi yote, mpaka mishale na taa za mbele ya dereva zikafunikwa.

"Ondoeni takataka hizi!" Ridhiwani aliwaka.

"Fundi, leo si gereji," alijibu Bi. Siti, shangazi wa bwana harusi, aliyetumwa kumchukua mwali. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na alikuwa akijikunja kuingia kiti cha nyuma, kidogo kama cha mtoto. "Na gari gani hili? Mtu anaingia kwa magoti kama anaomba radhi."

Ridhiwani alilimeza tusi lake. Wakwe hao.

Hapo akatokea Haruna. Haruna alikuwa mtoto wa shangazi yao, mwenye mashine ya kusaga nafaka kule Rutamba. Hata kanzu yake ya sherehe ilikuwa na unga kwenye mishono. Kwao, mtoto wa shangazi ni mtani, na mtani hakasirikiwi: atakutukana, atakunyang'anya kofia, atakaa kwenye sahani yako, nawe utacheka. Ukikasirika umeshindwa, na faini juu yako. Hata msibani mtani ana kazi yake, amwige marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Ila msibani kwa Fakihi, Haruna alishindwa. Alikaa ameegemea ukuta, mdomo umefungwa, mpaka wazee wakanong'ona kuwa mtani gani huyu. Fakihi ndiye aliyekuwa mtani wake wa damu. Walikuwa hawawezi kukaa mkeka mmoja bila kuchokozana.

Leo alikuwa amechangamka kupita kiasi. Alizunguka gari, akafungua boneti akaifunga, akasema anatazama kazi ya fundi. Ridhiwani alikuwa ndani akibishana na wanawake juu ya maua. Alipotoka, alimkuta Haruna amesimama mbele ya gari, spana imechomekwa kiunoni juu ya kanzu, mkono nyuma ya sikio kama anayengoja adhana.

"Washa, mtani," alisema. "Washa tusikie."

Ridhiwani aliwasha. Gari likanguruma kimya kimya likatoka. Vigelegele vikapigwa. Kwenye kioo alimwona Haruna ameachama, mkono bado uko sikioni, kisha akaanza kukimbia nyuma ya gari akipunga mikono na kupiga kelele ambazo vigelegele vilizimeza. Ridhiwani akadhani ni utani. Akakanyaga mafuta.

Barabara ya kusini kutoka Nangurukuru ilikuwa tambarare na nyeupe kwa jua. Gari lilikwenda vizuri. Naima alikaa mbele, ushungi umemfunika, mikono yenye hina juu ya mapaja, hasemi. Bi. Siti alisema kwa niaba ya wote. Alisema juu ya magoti yake, juu ya upepo, juu ya bwana harusi alivyolelewa. Ridhiwani hakumjali. Moyoni alikuwa akizungumza na Fakihi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakumgombeza. Unaona, kaka? Lipo baridi.

Waliposhuka bonde la Mbwemkuru na kuanza kupanda upande wa pili, walikuta lori lililojaza mbao linajikokota mbele yao. Hapakuwa na nafasi ya kulipita. Mwendo ukashuka, upepo ukakata. Kitambo kidogo, Ridhiwani akasikia harufu. Ile harufu tamu ya maji ya rejeta, fundi hahitaji kuambiwa. Aliyang'oa maua kwa mkono mmoja. Chini yake taa nyekundu ya chaji ilikuwa inawaka, labda tangu Kilwa, na mshale wa joto umelala kwenye wekundu.

Mvuke ukatoka pande zote za boneti.

Aliliweka gari pembeni akazima. Akakaa ameshika usukani. Lori la mbao likaendelea na safari yake. Basi likapita, watu wakachungulia dirishani, mmoja akaonyesha kidole: bibi harusi huyo, kachemkiwa.

"Nilisema," alisema Bi. Siti kutoka nyuma. "Sikusema? Mwali wetu ametolewa kwao na birika."

Ridhiwani aliteremka. Alihisi amevuliwa nguo katikati ya barabara. Kazi yake, ahadi yake, na ule ukaidi wa marehemu uliokuwa sahihi siku zote: liache. Alifungua boneti, akarudi nyuma mvuke umpite, akainama.

Mkanda ulikuwa unaning'inia kwenye puli kama utepe wa harusi. Haukukatika. Haukuchakaa. Nati ya puli ya kukazia ilikuwa imelegezwa, na kwenye grisi kuizunguka palikuwa na kitu cheupe. Alikipangusa kwa kidole, akakisugua. Unga wa sembe.

Akaelewa yote kwa mara moja. Upande wa Rutamba, tangu enzi za malori ya korosho, watani wana mchezo wao wa harusini. Wanalegeza mkanda wa gari linalomchukua mwali. Dereva akiwasha, mkanda unateleza, unapiga ukelele, naye hathubutu kuondoka. Hapo mtani anajitokeza na spana: likomboeni! Anapewa kanga au jogoo, anaukaza mkanda, watu wanacheka wanakwenda zao. Mchezo huo haujawahi kumdhuru mtu, maana mkanda wenyewe huwa unasema. Lakini mkanda huu wa mifereji ukilegea hausemi. Barabara ya tambarare, upepo wa mwendo ulifanya kazi ya feni. Mlimani, nyuma ya lori, upepo ukaisha na feni imesimama.

Pikapu ya vijana wa bwana harusi, iliyokuwa ikiwafuata kutoka Kilwa, ikafika, na Haruna akaruka kutoka nyuma kabla haijasimama. Alikuja mbio ameinua kanzu, anahema, na kwa kuwa alikuwa mtani, na vijana walikuwa wanatazama, alijaribu kucheka.

"Mtani! Nimekufukuza tangu Masoko! Usikasirike, hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Na maji ya moto hayachomi nyumba!"

Ridhiwani alimgeukia na spana mkononi. Vijana waliokuwa wanacheka wakaacha.

"Usiniite mtani," alisema. "Leo usiniite mtani. Nilimwahidi mtu anakufa! Nilimshika mkono nikamwahidi kuwa mtoto wake hatasimama njiani. Hilo tu aliniomba, maisha yake yote hakuwahi kuniomba kitu kingine. Nimelala chini ya gari hili nikilia kama mjinga. Nimegombana na Leonadi, nimemnunia shemeji yangu, kila kitu nimekifanya. Na wewe unakuja na mikono yako ya unga, mshenzi wewe, unacheza! Msibani ulikuwa wapi? Siku tuliyokuhitaji ulikaa ukutani kama gunia!"

Haruna alivua kofia. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nilitaka nilipe deni la siku ile ya msiba," alisema. "Nilijua gari litalia mlangoni, watu wacheke, basi. Ningekaza. Sikujua halilii. Mkanda umelegea halafu usilie, tangu lini?"

"Tangu nilipoufunga mimi!"

"Kwa hiyo ulimnyamazisha," alisema Haruna.

Hakulisema kwa utani wala kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayeuliza njia. Ridhiwani aliinua spana, na Bi. Siti ndani ya gari akasema "La ilaha." Ikabaki juu. Ridhiwani alikuwa anamkumbuka Saida mlangoni, alivyolitazama gari na kurudi ndani. Alikuwa anakumbuka alivyopiga hodi kwa mdomo. Ghadhabu ikampanda, na safari hii hakujua inamwendea nani.

Alimtupia Haruna spana kifuani.

"Kaza! Ulilegeza wewe, kaza wewe. Na usikaze kama mashine yako ya kusagia, utaua beringi. Taratibu! Taratibu nimesema, huna masikio?"

Haruna alikaza, amepiga magoti kwenye lami kwa kanzu yake. Walingoja injini ipoe. Vijana wakashuka mtoni na madumu, wakarudi na maji, na Ridhiwani akayamimina kidogo kidogo, akitukana kila dumu. Muda wote huo Naima alikaa ndani ya gari na magari yakapita yakimtazama. Hakujifunika zaidi wala hakuinamisha kichwa.

Ridhiwani aliingia, akafunga mlango kwa kishindo, akawasha. Injini ikaitika, nzima. Mkanda kimya.

Kisha, nyuma, kutoka juu ya pikapu:

"Wiiiiiii!"

Ulikuwa ukelele wenyewe, kwa koo la mtu, na mkato wake wa mwisho pale Fakihi alipokuwa akiachia mafuta. Vijana walicheka, kisha kicheko chao kikapungua. Haruna alikuwa amesimama ameshika bomba la pikapu, macho ameyafumba, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nitamshukia," alisema Ridhiwani. "Wallahi leo nitamshukia nimvunje taya." Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa.

Naima aliweka mkono wake wenye hina juu ya mkono huo.

"Mwache, baba mdogo," alisema. "Sijamsikia baba siku nyingi."

Ridhiwani aliachia kitasa. "Sijamsamehe," alisema.

"Najua."

Alitia gia akaingia barabarani. Mshale wa joto ulisimama pale unapotakiwa na haukusogea tena. Kila kilima, nyuma yao, Haruna alipiga ule ukelele, na kila mara Ridhiwani alimtukana kwa sauti, tusi jipya ambalo halijarudiwa, huku akijifuta uso kwa mkono wa kanzu. Alikuwa na hasira mpaka Mchinga. Alikuwa na hasira mpaka nyumba za kwanza za Lindi zilipoonekana. Lakini alikuwa ameshusha kioo chote, na pikapu ilipobaki nyuma, sauti ikaanza kufifia, alipunguza mwendo akaingoja.